Mwenye Akili Ni Nani? Kitabu juu ya Watoto wa Katete

Kila mwisho wa mwaka wa shule majina ya watoto husomwa mbele ya wazazi. Huyu amepita, huyu atarudia kalasi, huyu asirudi tena. Mzazi akisikia jina la mwanawe katika fungu la mwisho, mara nyingi hutoa hukumu palepale: "Mtoto wangu hana akili." Mtoto hulisikia neno hilo. Kwanza humwumiza, halafu hulizoea, mwishowe hulisadiki. Nasi tunaofundisha, je, tunajua tumepima kitu gani hata tuwaache watu watoe hukumu nzito namna hiyo?

Kiko kitabu kimoja kinachotusaidia kujibu. Jina lake kwa Kingereza ni The Significance of Schooling, ndiyo kusema, maana ya kwenda shule. Kilichapishwa mwaka wa 1993 huko Cambridge. Mwenye kukiandika ni Bwana Robert Serpell, mtaalamu wa saikolojia aliyefika Zambia katika miaka ya 1960, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha nchi ile, na tangu 2003 mpaka 2006 akawa mkuu wake. Kitabu si kipya, lakini swali lake halijazeeka. Tunataka kueleza mafundisho yake, kusema mahali tunapokubaliana nayo, na mahali ambapo, kadiri tunavyoona, hayatoshi.

Pengine msomaji atauliza: Katete ni mbali, mambo ya Wachewa yatuhusu nini? Katete ni wilaya ya mashariki ya Zambia, karibu na mpaka wa Msumbiji. Ni nchi ya wakulima wa mahindi. Lakini Zambia ni jirani yetu. Watu wa Katanga huvuka Kasumbalesa kila siku, na lugha za huko ni ndugu za lugha zetu. Tutaona kwamba neno kuu la kitabu hiki tunalo midomoni mwetu sisi wenyewe.

Neno nzelu

Katika miaka ya 1970 Bwana Serpell alianza kuwachunguza watoto wa vijiji vichache vya Katete, akawafuata hata wakawa watu wazima. Hakuanza kwa kuwapa watoto mtihani. Alianza kwa kuwauliza wakubwa wao: mtoto mwenye akili ninyi mwamtambuaje?

Wachewa wana neno nzelu. Neno hilo lina maana ya akili, lakini lina maana ya hekima vilevile. Na ukilipasua unakuta ndani mambo mawili. La kwanza ni kuchenjela, yaani kuwa mwerevu, mwepesi wa kufahamu na wa kutafuta njia. La pili ni kutumikila, yaani kuwa mtu wa kutumwa, mwenye kuaminika, anayeshika neno aliloambiwa na kufanya kazi pamoja na wenzake. Mtoto aliye na kuchenjela peke yake, Wachewa hawamwiti mwenye nzelu kamili. Huyo werevu wake waweza kumfaa yeye mwenyewe na kuwadhuru wengine. Waswahili wamesema jambo lililo karibu na hilo katika methali yao: akili nyingi huondoa maarifa.

Msomaji wa Katanga au wa Kivu hahitaji mkalimani hapa. Wabemba wana neno mano, Wanyarwanda na Warundi wana ubwenge, watu wa Lingala wana mayele. Kila moja la maneno hayo ukilichunguza utaona kwamba halikai kichwani tu, bali lahusu pia namna mtu anavyoishi na wenzake. Na neno kutumikila ni la nyumba moja na maneno yetu kutuma, kutumwa, kutumika, kutumikia. Hata hapa Congo, tukisema "Baba anatumika," maana yake anafanya kazi. Wazee wetu, pasipo kuandika kitabu, waliweka katika mzizi mmoja kazi, ujumbe na utumishi.

Sasa tazama karatasi ya pointi ya mtoto wako. Hesabu iko juu, Kifaransa kiko juu, na jumla ya pointi imeandikwa kwa namba kubwa. Bidii na mwenendo viko chini kabisa, nje ya jumla. Shule imekata nzelu vipande viwili. Kipande kimoja imekihesabu, kingine imekiandika pembeni kama salamu ya mwisho wa barua.

Nyumba imeshika moto

Bwana Serpell alitaka kujua jinsi wakubwa wanavyochagua. Aliwaendea watu wanaowajua watoto vema, akawaletea mifano ya maisha yao ya kila siku. Mfano mmoja ulikuwa huu: tuseme nyumba imeshika moto, na hapo wapo watoto hawa tu. Ungemtuma nani akaite watu waje kusaidia? Na kwa nini yeye?

Tukitafakari kidogo tutaona uzito wa swali hilo. Mtoto wa kutumwa kwenye jambo kama hilo yampasa kutambua kwamba si wakati wa mchezo. Yampasa kuchagua mwenyewe mlango wa kubisha, maana si kila mtu anaweza kusaidia. Yampasa kusema na mtu mkubwa kwa maneno machache yanayoeleweka, na kumsadikisha. Akikuta nyumba ya kwanza haina mtu, asirudi akilia, bali aende ya pili. Je, hiyo si akili? Ni kukumbuka, kupima, kusema na kubadili shauri, vyote pamoja, na katika haraka. Lakini hatujapata kuona mtihani wa shule unaouliza hivyo.

Kisha watoto walewale walipewa mitihani ya akili, na mingine ilitengenezwa makusudi ili iwafae watoto wa mahali pale. Matokeo yakawa ya kushangaza. Watoto waliochaguliwa na wakubwa wao na watoto waliofanya vema katika mitihani hawakuwa lazima walewale. Vipimo viwili havikwenda njia moja.

Hapo mtaalamu wa haraka angesema: basi wanakijiji hawajui kutambua akili. Bwana Serpell hasemi hivyo. Yeye asema kwamba mitihani haikupima jambo ambalo watu wale wanalithamini. Nasi twaongeza: mama aliyemtuma mtoto sokoni mara mia, na kuhesabu franka alizorudisha, amemfanyia mtihani mara mia. Mgeni mwenye karatasi amemfanyia mara moja, asubuhi moja, kwa mambo ambayo mtoto hajapata kuyaona.

Waya, kalamu na udongo

Kabla ya kitabu hiki, mwaka wa 1979, Bwana Serpell alitoa taarifa nyingine ambayo kila mwalimu angepaswa kuijua. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester huko Uingereza. Akawaonyesha umbo, akawaomba walifanye mfano wake. Walipolichora kwa kalamu juu ya karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Walipolitengeneza kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda wa Manchester. Walipolifinyanga kwa udongo, hakuna waliowashinda wenzao.

Sababu yake yaonekana wazi kwa mtu yeyote aliyepita katika mitaa ya Lusaka au ya Lubumbashi. Huko watoto wa kiume hukusanya vipande vya waya na kujitengenezea motokari, zenye usukani mrefu na magurudumu yanayogeuka. Mtoto wa Manchester amezoea kalamu za rangi tangu utoto. Na udongo wa kufinyanga wote wawili wameuchezea. Kama tungekuwa na mtihani wa kalamu peke yake, tungesema watoto wa Afrika ni wazito. Kama tungekuwa na mtihani wa waya peke yake, tungewahurumia watoto wa Ulaya. Akili ya mtoto haionekani uchi. Huonekana ikiwa imevaa mazoezi ya mikono yake.

Jambo hilo halikubaki maneno matupu. Tangu miaka ya 1970 Zambia walikuwa na mtihani uitwao Panga Muntu, maana yake "tengeneza mtu." Mtoto hapewi kalamu, hupewa udongo na kuombwa afinyange mtu, nao hutazama ameweka viungo gani na kwa mpango gani. Mwaka wa 1998 Bwana Serpell na mwenziwe Kathuria walitoa taarifa ya namna mtihani huo ulivyosawazishwa kwa watoto wa Zambia. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, maana wamekilinganisha kipimo na mtoto, wala hawakumlazimisha mtoto alingane na kipimo.

Vipimo vilizaliwaje?

Ili tusiwe wadhalimu, yafaa kukumbuka kwamba mtu wa kwanza kutengeneza mtihani wa akili wa namna tunayoijua hakuutaka uwe fimbo. Mwaka wa 1904 serikali ya Ufaransa iliweka baraza la kutazama watoto walioshindwa kufuata masomo. Mmoja wa baraza hilo alikuwa Bwana Alfred Binet. Mwaka wa 1905, pamoja na Daktari Simon, alitoa mtihani wake, ili watoto wenye shida watambuliwe na kusaidiwa. Na mwaka wa 1909 aliandika kitabu ambamo aliwapinga kwa ukali wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa, kisichoweza kuongezeka. Waliokuja nyuma yake, huko Marekani na kwingineko, wengi walichukua kipimo chake wakaliacha onyo lake.

Kipimo hicho kilifika hata kwetu Congo. Katika miaka ya 1950 Bwana André Ombredane, mganga na mwalimu wa Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, alikwenda kwa Asalampasu wa Kasai na mtihani wa michoro: mchoro umekosa kipande kimoja, nawe wachagua kati ya vipande kadhaa kile kinachoufaa. Wakati ule watu wengi walitaka kusikia kwamba Mweusi hawezi. Lakini Bwana Ombredane na wenzake waliwapa watu walewale mtihani uleule tena na tena, na taarifa yao ilichapishwa mwaka wa 1956. Alama zilipanda. Maana yake ni nini? Ni kwamba mara ya kwanza mtu hakupimwa akili tu. Alipimwa ugeni wake mbele ya karatasi, ya michoro na ya mpimaji. Mara ya kwanza alikuwa anajifunza mtihani wenyewe.

Huko Liberia nako, kwa Wakpelle, wataalamu wa Marekani walikuta jambo kama hilo, nalo lachekesha. Waliweka mbele ya wakulima vitu vingi, vyakula, vyombo vya kazi, vyombo vya jikoni, nguo, wakawaomba waweke pamoja vinavyopatana. Wataalamu walingoja chakula kiwekwe na chakula, chombo na chombo. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, maana kisu hukata chungwa, wakaeleza kwamba mtu mwenye hekima hufanya hivyo. Mwishowe mtaalamu aliuliza: je, mjinga angefanyaje? Palepale wakulima wakapanga mafungu yaleyale ambayo wataalamu walikuwa wakiyangoja tangu mwanzo. Ndiyo kusema, walijua kuyapanga hivyo tangu mwanzo. Hawakuona tu kwamba inafaa.

Ngazi nyembamba

Turudi Katete. Sehemu ya kitabu iliyotugusa kupita zote ni ile inayosema juu ya shule yenyewe. Bwana Serpell aifananisha na ngazi nyembamba. Watoto wote huanza chini. Kila daraja hupunguza idadi yao. Wachache hufika juu, na ngazi hiyo, huko juu, yatoka nje ya kijiji. Kwa hiyo, mwalimu akisema shule yake imefaulu, hutaja wale walioondoka. Wale waliobaki, yaani wengi, wanaolima na kulea na kuzika na kuamua mashauri ya kijiji, hao huhesabiwa kama walioanguka.

Tena watoto wa Katete walipandishwa ngazi hiyo kwa lugha ya kigeni. Katika mwaka wa 1966 Zambia iliamua kwamba Kingereza kiwe lugha ya mafundisho tangu kalasi ya kwanza. Wachache sana wa watoto aliowafuata Bwana Serpell walifika sekondari. Na alipowauliza wale walioacha njiani, wengi hawakulaumu ngazi. Walijilaumu wenyewe: walisema hawakuwa na akili ya shule. Kumbe baadhi yao kijijini walisifiwa kuwa wenye nzelu!

Hapa ndipo penye jeraha. Shule inapomkosa mtoto katika kalamu, hasara ni ya alama. Lakini inapomfundisha kujidharau, hasara ni ya maisha. Mtu aliyeaminishwa kwamba hana akili hatajifunza tena kitu kipya. Ataogopa kusimama katika mkutano, ataogopa kumwuliza mganga habari ya dawa, na mwanawe akileta daftari nyumbani atasema, "Mimi sijui mambo hayo," na kumpa mgongo.

Hapa Congo katiba ya mwaka wa 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo. Watoto wengi waliokuwa nje wakaingia. Tushukuru kwa hilo. Lakini kuupanua mlango hakuipanui ngazi. Kalasi zimejaa, na mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini hana budi kutafuta njia ya haraka ya kuwapima. Njia ya haraka ni ile ya zamani: swali, jibu, alama. Ndiyo sababu kitabu cha Katete chatuhusu leo kupita siku kilipochapishwa.

Watu wazima nao

Watu wengine hufikiri kwamba mambo haya ni ya watoto tu, na kwamba mtu mzima asiyesoma amekwisha kukauka kama udongo wa chungu. Si kweli. Huko Liberia, katika kabila la Wavai, mtu mmoja jina lake Momolu Duwalu Bukele alibuni mwandiko wa lugha yao, kama mwaka wa 1833. Mwandiko huo ulidumu pasipo shule. Mtu mzima hufundishwa na rafiki au ndugu, jioni, baada ya kazi, mpaka aweze kuandika na kusoma barua.

Wataalamu wawili wa Marekani, Bibi Sylvia Scribner na Bwana Michael Cole, waliwachunguza Wavai, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1981. Walitaka kujua kama kusoma na kuandika kwabadili akili yote ya mtu. Waliona hivi: waliokwenda shule walizidi wenzao hasa katika kueleza kwa maneno sababu za majibu yao, waliojifunza Kurani walizidi katika namna fulani ya kukumbuka maneno kwa mpango, wanaoandikiana barua kwa Kivai walifaulu katika mambo yaliyo karibu na kazi hiyo. Kila fundisho lilizaa tunda la mazoezi yake. Hakuna lililomfanya mtu mjinga kuwa mwenye akili, wala asiyesoma hakukutwa mjinga.

Twende hata Goma tukawatazame mafundi wa chukudu. Hawakuandikiwa vipimo. Mti wa mkaratusi huchongwa, magurudumu mawili ya mbao huvikwa mpira wa gari, na chombo hicho kisicho na injini hushuka mlimani na mamia ya kilo za viazi au makaa. Kijana hujifunza kwa kutazama, kushika msumeno, kukosea, kusahihishwa. Mji wa Goma umeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia. Lakini umwulize fundi kama ana akili, huenda atajibu, "Mimi sikusoma."

Palipo na upungufu

Tumesifu, sasa tuseme tusiyoridhika nayo. Kwanza, kitabu kimeandikwa kwa Kingereza kigumu. Mwalimu wa Katete mwenyewe atakisoma kwa jasho, na mwalimu wa Uvira au wa Kalemie hatakisoma kabisa. Hekima iliyotoka kijijini ingepaswa kurudi kijijini katika lugha inayosikika.

Pili, na hilo ni kubwa zaidi, neno kutumikila tunalipenda, lakini tunaliogopa pia. Ni nani anayesema kwamba mtoto huyu ni wa kutumwa? Ni yule anayemtuma. Basi, hakimu ana faida katika kesi. Mtoto msikivu humpunguzia mkubwa kazi, na mkubwa humsifu. Msichana anayetumwa mtoni asubuhi, shambani mchana na jikoni jioni husifiwa sana kwa nzelu yake, wakati ndugu yake wa kiume yuko shuleni. Na mtoto anayeuliza "Kwa nini?" pengine huitwa mkaidi, ijapokuwa swali lake ndilo mlango wa akili. Kati ya kutumika na kutumikishwa ni hatua moja tu. Tunaona kwamba Bwana Serpell, kwa kuwaheshimu wanakijiji, jambo ambalo ni haki, hakuwabana vya kutosha kwa swali hilo.

Hapo tunataka kumwita shahidi wa zamani. Mtakatifu Thomas wa Aquino, katika mafundisho yake juu ya busara, ataja sehemu zake nyingi. Mbili ni za ajabu kwa mtu aliyesoma habari za Katete. Moja ni wepesi wa kuona njia mara moja, nyingine ni moyo wa kukubali kufundishwa na wengine. Je, si kuchenjela na kutumikila? Wachewa na mwalimu huyo wa karne ya 13 hawakujuana, nao walipita mahali pamoja. Mtakatifu Thomas ajua pia kwamba werevu ukitafuta mwisho wake kwa hila si busara tena. Lakini aongeza jambo ambalo wakubwa wetu hawalipendi kulisikia: hata wakubwa wenyewe yawapasa kukubali kufundishwa katika mambo mengine, maana hakuna mtu anayejitosha katika kila jambo.

Neno hilo ndilo linalosahihisha kutumikila. Mtoto mwenye nzelu hamtumikii mkubwa tu, autumikia ujumbe. Akitumwa kupita darajani, akakuta daraja limevunjika, asijitupe majini kwa utii. Atatafuta njia nyingine, na akirudi atasema: "Baba, daraja limevunjika." Na baba, kama naye ana nzelu, atasadiki. Bila sehemu hiyo ya pili, sifa zote za utii wa watoto ni sifa za starehe yetu.

Tufanye nini?

Hatusemi mitihani ifutwe. Daktari lazima ajue hesabu ya dawa, na wingi wa adabu hauwezi kushika mahali pa hesabu hiyo. Wala hatusemi kijiji kijitosheleze pasipo shule. Mtoto wa Katete au wa Kabare ana haki ya kitabu kama mtoto wa Bruxelles. Tunasema tu kwamba alama ni jibu la swali moja, nayo isitumiwe kama jibu la maswali yote.

Walimu wenzetu, hata mbele ya watoto themanini yako mambo yasiyodai feza. Mpe mtoto aliye nyuma kazi ya kutumwa yenye uzito, kisha mwulize mbele ya wenzake aliifanyaje. Mara nyingi utasikia akili ambayo daftari lake halikuionyesha. Mwombe mtoto aliyefahamu amfundishe asiyefahamu, kwa lugha ya nyumbani, nawe usikilize. Katika somo la maumbo, acha watoto walete waya na udongo, wasitumie kalamu tu. Nasi makatekista, tukiisha kusikia jibu lililokaririwa, tumwulize mkatekumeni swali la pili: jambo hilo ungemwelezaje mdogo wako? Jibu la pili litatufundisha kupita la kwanza.

Enyi wazazi, mwalimu akiwapa karatasi ya pointi, mpeni nanyi habari zenu. Mwambieni mtoto wenu anaaminiwa na kazi gani, anatengeneza nini, nani humwita amsaidie. Mwalimu hajui mambo hayo msipomwambia. Na binti akisifiwa kwa kutumika vema, sifa hiyo iwe sababu ya kumpeleka shule, isiwe sababu ya kumzuia.

Tuna ombi moja la mwisho. Kati ya wasomaji wetu wako wanaojua Kingereza na Kiswahili kwa kiasi kizuri. Mmoja wao angechagua kurasa hamsini za kitabu hiki, zile za nzelu na zile za ngazi, na baada ya kupata ruhusa inayotakiwa, azitie katika Kiswahili chepesi. Zingesomwa katika mikutano ya walimu na ya wazazi, sura moja kila mara, na watu wangesema wenyewe kama ndivyo ilivyo kwao au sivyo.